UZI: Faya walikuja na maji, haidranti (bomba la mtaani la kujazia gari la zimamoto) ilikuwa chini ya mchanga wangu

Chepe Moja (mleta mada)

Wakuu kuchele.

Hili jambo nimekaa nalo wiki ya tatu sasa. Nikisema ninyamaze, kila nikitoka nje asubuhi naliona. Ntaandika ndefu, asiyependa kusoma gazeti apite tu.

Nipo Mtwara mjini, mtaa siutaji maana majirani wamo humu humu na wengine bado wamenuna. Mwezi wa tisa nilikuwa namalizia uzio nikaita lori la mchanga. Lori likashindwa kuingia ndani kwa sababu sehemu ya geti ndo ilikuwa inajengwa, basi nikamwambia dereva mwaga hapo kwenye kona, penye nyasi. Pale kwenye nyasi kulikuwa na kichuma kifupi chekundu, rangi imebanduka, kimeinama kidogo kama mtu anasikiliza. Toka nimehamia miaka minne nakiona na sijawahi kuuliza kinaitwaje. Dereva akamwaga, kesho yake akarudi na tripu ya pili, kichuma kikapotea kabisa na mimi sikujisikia chochote, ni kama mtu kafunika jiwe.

Ukaingia mwezi wa kumi, msimu umeanza. Jirani yangu mmoja mama wa makamo anabangua korosho nyumbani kwake, anakaanga kwenye nusu pipa uani halafu anagonga na kuuza. Mliozaliwa huku mnajua ganda la korosho lina mafuta, likipata moto sana linalipuka lenyewe na moshi wake unachoma macho mpaka unatoa machozi ya msiba. Siku hiyo ilikuwa kama saa kumi jioni, upepo wa baharini ule wa alasiri umeshaanza kusukuma, pipa likashika moto, cheche zikaruka kwenye paa la jiko la makuti. Makuti makavu ya mwezi wa kumi sihitaji kuwaeleza. Kabla hatujamaliza kupiga kelele moto ulishahamia vyumba vya uani, na chumba kimojawapo kilikuwa na magunia ya korosho.

Mimi ndo nilipiga 114. Nikasoma jina la mtaa kwenye kile kibao cha anwani za makazi, wakanielewa mara moja, na niseme ukweli walifika mapema kuliko nilivyotegemea. Wakashuka, wakakunjua mipira miwili, wakaanza kazi. Moto ukaanza kunywea, watu wakaanza kupiga makofi.

Halafu mmoja wao akageuka akauliza kwa sauti, "Tanki linaisha, haidranti ya karibu iko wapi?"

Tukaangaliana. Wakuu pale palikuwa na watu kama themanini, wengine wamezaliwa mtaa ule ule, na hakuna aliyejua. Mmoja akaonyesha bomba la uani kwake lile la nusu inchi. Mwingine akasema ipo kule barabara ya lami nadhani. Kuna mzee mmoja mstaafu anayekaa barazani kutwa nzima, huyo akanyanyua mkongojo wake taratibu akaunyoosha akasema, "Ipo pale. Chini ya nchanga wa huyu kijana."

Huyu kijana ni mimi, nina miaka arobaini na moja.

Tulichimba kwa machepe, ndoo, masufuria, mikono. Nilichimba mpaka kucha moja ikatoka. Tulipoifikia mdomo wake ulikuwa umejaa mchanga kwenye nyuzi za skrubu, ikabidi wausugue ndo mpira ukubali kukaa. Kuna kijana alikuwa anarekodi video, nimeiangalia baadae nikahesabu: toka mzee ananyoosha mkongojo mpaka maji yanatoka ni dakika kumi na nne. Nyumba kubwa ilipona, vyumba vya uani vyote vitatu viliisha pamoja na magunia. Hakuna aliyeumia, alhamdulillah.

Jioni ile mtaa mzima unasema "faya wamekuja bila maji." Walikuja na maji. Yaliyobaki yalikuwa kwenye bomba, na bomba lilikuwa chini ya mchanga wangu wa uzio.

Yule mama hajanisema hata neno moja. Juzi kamtuma mwanae aniletee bakuli la korosho zile alizookoa, nikatafuna moja, zina harufu ya moshi. Sijaweza kuzila na sijaweza kuzitupa, zipo juu ya friji.

Sasa swali langu kwenu, na usiende kuangalia kwanza, jibu ukiwa umekaa hapo hapo: haidranti ya karibu na kwako iko wapi?

Korosho Ghafi

Mleta mada pole ila naomba tusiwasafishe watu kirahisi hivyo, toka nazaliwa nasikia faya wakifika hawana maji, ina maana nchi nzima wananchi tumemwaga mchanga?? Gari kubwa vile inaishiwaje maji ndani ya dakika kumi

Fundi Bomba

Korosho Ghafi kaka yangu hii hesabu ni ya darasa la nne. Gari la zimamoto ni tanki lenye magurudumu. Tuseme limebeba lita 5,000, yapo madogo ya hapo na yapo makubwa. Mpira mmoja wa kuzimia nyumba ukifunguliwa vizuri unatema kama lita 400 mpaka 500 kwa dakika. Fungua miwili, tanki ni dakika tano sita limekauka. Kwaiyo lile tanki ni la kuanzia, wakati wawili wanapiga maji mwenzao anatakiwa awe ameshafunga mpira kwenye haidranti analilisha gari kutoka kwenye bomba kubwa la mtaa. Asipoiona haidranti, gari linaondoka kwenda kujaza mbali na wewe unabaki unasema wamekuja kutalii.

Nimefanya kazi ya mabomba miaka mingi, Mtwara na Lindi yote nimechimba, nawaambia ukweli, haidranti nyingi hazijafa. Zimefichwa. Na aliyezificha anaishi mita kumi kutoka hapo.

Binti Mikindani

Jamani jamani. Nimesoma hii nikatoka na tochi ya simu. Kile chuma ninachokaliaga nikisubiri bodaboda asubuhi, nimekikalia toka niko sekondari, KUMBE. Nilikuwa nafikiri ni kigingi cha mpaka cha wakoloni 😭

Korosho Ghafi

Binti umekalia mali ya umma miaka yote hiyo na shule umemaliza

Binti Mikindani

Na nimeipamba, kuna bablishi zangu chini yake kama ishirini

Fundi Bomba

Hahaha hiyo ya kukalia angalau ina mtu anaijua. Ngoja nieleze kidogo maana wengi mnatafuta kitu kimoja na zipo za aina mbili.

Kuna ya kusimama, hiyo ya Chepe Moja na ya Binti, nguzo fupi ya chuma yenye midomo pembeni. Na kuna ya chini, hiyo ndo inapotea kabisa. Juu unaona mfuniko tu wa chuma kama wa chemba, kama hauna kutu sana utaona herufi FH, yani fire hydrant. Ndani ya kile kishimo kuna koki na mdomo unaotazama juu, zimamoto wanasimika bomba lao fupi la kusimama hapo halafu wanafungua na ufunguo mrefu wenye umbo la T. Hii ya chini ndo mtindo wa Waingereza. Kwao huko ukutani au kwenye kinguzo karibu na mfuniko wanabandika kibao cha njano chenye H nyeusi na namba mbili. Ya juu ni upana wa bomba kwa milimita, ya chini ni umbali kwa mita kutoka kwenye kibao mpaka kwenye mfuniko. Yani askari hata kama mtaa umefunikwa na takataka anasoma H 100 na 4, anajua bomba ni la inchi nne na mfuniko uko hatua nne tano mbele yake, anaanza kufukua hapo hapo. Kibao kidogo tu, lakini pale kwa mleta mada watu themanini wasingebaki kuangaliana.

Huku kwetu mfuniko wa chini unakufa kwa njia tatu nilizoshuhudia kwa macho yangu. Mtu anapandisha kiwango cha ardhi kwa kifusi ili maji ya mvua yasimwingilie. Mtu anapanga pevingi mbele ya duka lake na mfuniko unaingia chini ya pevingi, pamependeza kweli, imeisha hiyo. Na njia ya tatu ni kukarabati barabara, lami inapita juu. Ya tatu sio kosa lako, lakini ukiona wanamwaga lami nenda uwaonyeshe, fundi wa barabara hajazaliwa mtaani kwako.

Njomba wa Theluji

Kuchele kutoka mbali, mimi ni mtoto wa Newala niko Minnesota huku Marekani mwaka wa tisa. Huku baridi ikija theluji inafunika haidranti zote, nyingine zinafungwa fimbo ndefu yenye kibendera juu ili ionekane. Jiji linawaambia wakazi kabisa, ukichimbua njia ya mlango wako chimbua na haidranti iliyo mbele ya nyumba yako, acha kama futi tatu kuzunguka pande zote, ni karibu mita moja. Mwaka wa kwanza niliona kama wananionea, mtoto wa Newala niichimbulie serikali bomba kwenye baridi ya kuganda meno. Siku hizi naichimbua hiyo kwanza kabla ya gari langu.

Na kupaki ndo usijaribu. Majimbo mengi huku sheria inasema futi 15 kutoka kwenye haidranti, kama mita nne na nusu, marufuku. Ukipaki hapo moto ukitokea hawakutafuti, wanavunja vioo vya madirisha pande zote mbili wanapitisha mpira katikati ya gari lako, halafu faini unalipa wewe. Picha zake zipo nyingi tu.

Boston waliwahi kutengeneza programu ya mtandaoni, raia anachagua haidranti ya mtaani kwake, anaipa na jina, anakuwa mlezi wake wa kuichimbua theluji ikianguka. Ukizembea mwenzako anaruhusiwa kukunyang'anya.

Korosho Ghafi

Sisi theluji yetu ni nchanga, tena haiyeyuki

Binti Mikindani

Njomba hizo mita moja kwanini mita moja? Maana kama ni kuiona tu mbona hata ikiwa na genge pembeni inaonekana. Na hiyo rangi, ya kwangu ni nyekundu yote ila kwenye filamu naona nyingine zina vifuniko vya bluu

Njomba wa Theluji

Rangi huku wengi wanafuata utaratibu wa vifuniko: bluu ni ile inayotoa maji mengi zaidi, galoni 1,500 kwa dakika na kuendelea, kama lita 5,700. Kijani inafuata, halafu chungwa, na nyekundu ni dhaifu, chini ya galoni 500, kama lita 1,900. Kuna majimbo wanaweka na kirifleta cha bluu katikati ya barabara usawa wa haidranti, usiku taa za gari zikipiga kinang'aa, dereva wa faya anajua asimame wapi hata kama nguzo yenyewe kaikinga mtu na lori.

Fundi Bomba

Hizo rangi ziacheni huko huko kwa njomba. Huku nyekundu ni nyekundu tu, usije ukaona nyekundu ukasema hii dhaifu.

Binti, mita moja ni ya mkono na ya mpira. Spana au ule ufunguo unazungushwa duara zima, ukiweka ukuta sentimita ishirini pembeni askari anazungusha robo, anatoa, anaweka tena, robo nyingine, anahangaika kama anafungua tairi kwenye mtaro. Halafu ule mpira wa kulishia gari ni mnene, ukijaa maji unakuwa kama gogo, haukubali kona kali. Ukiulazimisha ukate kona karibu na genge unajikunja pale kwenye kona na maji yanakatika. Kwaiyo kuonekana ni kitu kimoja na kufikika ni kitu kingine, genge lako linaweza lisiizibe macho na bado likaiua.

Na urefu kutoka chini pia. Ukimwaga kifusi mpaka mdomo ukagusa ardhi, kaplingi ya mpira, kile kiungio chake, haina pa kuzungukia hata kama mdomo wote unauona kwa macho.

Chipsi Kavu

Naombeni na mimi niongee maana naona magenge yanatajwa tajwa. Mimi nauza chipsi karibu na Soko Kuu, na mwaka huu nilisogezwa kwa ajili ya haidranti. Sikubisha, nilisogea hatua tano, wateja wangu wakawa wananitafuta siku mbili. Kilichoniuma ni hiki, nimesogea mimi mwenye meza ya mbao na jiko la mkaa ambavyo navibeba mwenyewe kichwani, halafu ile nafasi niliyoiacha wazi ikageuka pakingi. Ijumaa gari, harusi gari, msiba gari. Meza yangu moto ukitokea naisukuma kwa mguu, gari la mtu kaenda kuswali utalisukuma na nini??

Chepe Moja (mleta mada)

Kaka hili sina jibu lake, uko sahihi kabisa. Mimi mwenyewe nina geti na ndo nilifunika.

Fundi Bomba

Chipsi Kavu dawa ya gari ni kitu kigumu, maneno hayafanyi kazi. Vipande viwili vya bomba la chuma, lile bovu la zamani, unajaza zege unasimika pande mbili za haidranti upande wa barabara, gari haliwezi kupanda juu na mtu anapita. Ila mpange na wenyewe, mamlaka ya maji na zimamoto waje wakuonyeshe pa kuchimba, maana ukichimba kwa kukisia utatoboa bomba lenyewe halafu uzi unaofuata utakuwa wako.

Chipsi Kavu

Sawa fundi. Kwa sasa nafanya hivi, mimi nipo pale toka saa nne asubuhi mpaka saa sita usiku, gari ikija kupaki nawaambia boss hapo ni haidranti, wengine wanatukana wengine wanasogea. Mmoja aliniuliza haidranti ndo nini nikamwambia ni bomba la kuzimia gari lako. Alisogea haraka sana.

Mzee wa Baraza

Assalaam alaykum vijana. Mimi ni mkazi wa Lindi mjini, mstaafu. Mjukuu wangu amenisomea uzi huu nami nimeomba aniandikie.

Mtaa wetu uko kilimani, na haidranti yetu ilimezwa na ua la michongoma. Mwenye ua ni bibi mmoja, dada yetu sote pale mtaani, na ua hilo amelitunza kwa sababu ya mbuzi wanaomaliza mchicha wake. Vijana walikwenda kumwambia akate, akawafukuza kwa ufagio. Nikaenda mimi. Sikumwambia habari ya moto. Nilimwambia, dada, nimekuja kukuomba mlango. Tukakata uwazi wa hatua mbili pale penye haidranti tu, tukarudisha mstari wa michongoma kwa nyuma yake, ikawa haidranti iko nje na mchicha uko ndani. Mbuzi hawapiti. Kazi nzima ilikuwa nusu siku na panga moja.

Lakini michongoma huota. Kila baada ya mvua nampelekea mjukuu huyu na panga. Mvua moja ukisahau, imefunikwa tena.

Binti Mikindani

Shikamoo babu. Hiyo ya "nimekuja kukuomba mlango" nimeipenda mno, na mjukuu asante kwa kuandika

Mzee wa Baraza

Marahaba mjukuu wangu. Na wewe usiikalie tena.

Mwana wa Skoya

Wakuu yangu mimi ipo, inaonekana, haina gari wala mchanga, ila haina vifuniko vya mdomoni. Viling'olewa usiku, nadhani vimeenda kwa wanunuzi wa skrepa. Sasa watoto wanatumbukizamo mawe na vizibo vya soda, juzi nimekuta na ndala nzima. Hii bado ni nzima au?

Fundi Bomba

Nzima nusu. Yale mawe maji yakifunguliwa yanasukumwa yanaenda kwenye mpira na pampu ya gari, au yanakwama mdomoni presha inapotea. Ripoti kwa mamlaka ya maji na zimamoto wote wawili, piga picha, sema ipo karibu na nyumba namba fulani. Wakati unasubiri iwekee hata dumu lililokatwa ulifunike juu, lisilofungwa, la kunyanyua kwa mkono mmoja. Na kama unamjua mnunuzi wa skrepa mwambie kistaarabu, kile kifuniko kina sura yake, hakuna atakayesema hajui ni cha nini.

Na naongezea hapa kabla hamjanipigia simu: USIFUNGUE MWENYEWE. Najua wakati wa mgao kuna watu wanakuja na spana wanajaza madumu, nimeshawakuta. Kwanza unaweza kuharibu koki isifunge tena. Pili watu hawajui, ile kitu inafunguliwa taratibu na kufungwa taratibu. Maji yanayokimbia ndani ya bomba kubwa ukiyafungia ghafla yanajigonga, ule mgongano unakimbia kwenye bomba zima na mtaa wa pili kiungo kinapasuka. Halafu mnapiga simu mnasema maji hayatoki.

Asiye na Bomba

Mnaongea raha nyie wa mjini. Sisi wa huku pembeni viwanja tulijipimia wenyewe, hakuna bomba kubwa, hakuna haidranti, njia yenyewe bajaji mbili hazipishani. Tufanye nini, tuangalie tu?

Fundi Bomba

Huko sitakudanganya, haidranti inataka bomba la maana chini yake, mara nyingi inchi nne na kuendelea, hailetwi na rangi nyekundu. Ila ukipiga 114 waambie mapema kabisa: gari linaingilia wapi, linageukia wapi, na maji mengi ya karibu yako wapi, iwe tanki la shule, la msikiti au kisima kikubwa. Na ile njia moja inayopitisha gari isiwe na matofali yako wala kamba za nguo. Kwenu ninyi njia ndo haidranti.

Chepe Moja (mleta mada)

Wakuu asanteni. Naleta mrejesho, kazi tuliyofanya hapa mtaani.

Mchanga wote niliuhamisha siku mbili baada ya moto, hiyo sihesabu kama kazi. Tulienda na mwenyekiti wa mtaa kuwaeleza zimamoto na watu wa maji, wakaja wakaikagua, wakaisafisha, wakaifungua wenyewe ikatema maji ya kutu mekundu kama chai ya rangi halafu yakawa meupe. Nyasi tukafyeka. Kwa ruhusa yao tukapiga rangi nyekundu upya, tukazungushia mawe madogo yaliyopakwa chokaa, duara la hatua moja na nusu, na watoto ndo walipaka, kwaiyo kuna na mawe ya kwenye bustani ya mtu yamepakwa pia. Kwenye ukuta wangu, ule ule ulionunuliwa mchanga, nimeandika kwa rangi nyeupe HAIDRANTI na mshale na MITA 6. Mke wangu anasema uzio mpya kabisa nimeuchafua, nimemwambia huo ndo uliokuwa unadaiwa.

Lokesheni tumeituma kwenye grupu la WhatsApp la mtaa na kuibandika juu. Yule mzee wa mkongojo nilienda kumuuliza alijuaje. Akasema aliona siku wanaiweka, alikuwa kijana, akakaa akiwaangalia wanavyochimba siku nzima kwa sababu hakuwa na kazi. Watu wote waliokuwepo siku ile wameshakufa au wamehama. Nikamuuliza sasa mbona hukuniambia siku namwaga mchanga? Akasema, "Hukuniuliza. Na wewe ulipita bila kusalimia."

Nimekubali.

Korosho Ghafi

😂😂😂 hapo mzee kakumaliza

Mi nimetoka kuangalia ya kwetu. Ipo. Juu yake wameegesha bodaboda nne na kuna bango la mgombea wa uchaguzi uliopita limefungwa kwa waya. Kesho naanza na waya.

Mwana wa Skoya

Mimi nimeripoti, nimepiga na picha ya ndala ikiwa ndani

Binti Mikindani

Bablishi nimezibandua na kisu. Ishirini na tatu. Leo nimesubiri bodaboda nimesimama.

Chepe Moja (mleta mada)

Mrejesho mwingine wa leo leo. Nimebakiza kumwaga jamvi la uani, nikaagiza kokoto. Lori limekuja nikiwa ndani naoga, nasikia kelele nje za mwanamke, natoka na taulo namkuta yule mama wa korosho kasimama mbele ya mawe meupe kanyoosha mikono yote miwili, lori limeshanyanyua bodi nusu. Anamwambia dereva, hapa humwagi baba, hapa nimeshaungua mara moja.

Dereva kashusha bodi, kanigeukia, "Sasa bosi nimwage wapi?"

Nimemwonyesha getini kwangu. Sa hizi naandika nikiwa nje, gari yangu imefungiwa ndani na kokoto, na fundi kasema anakuja keshokutwa.